Ina Joto, Fundi

Ukimpelekea Fundi amplifaya ya gita na akaitengeneza, kazi ilikuwa haijaisha. Ulibeba mzigo wako, ukaenda kuupiga Jumamosi ukumbini au Jumapili kanisani, halafu katikati ya wiki ulitakiwa urudi Chang'ombe kumpa habari. Asiyerudi hakutengenezewa tena, hata aje na barua ya mjumbe. Swali lenyewe lilikuwa moja tu: "Iliimbaje?" Aliliuliza akiwa amesimama, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, koleo mkononi, na wewe ungejikuta unajibu umesimama kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Alikuwa na sababu. Kwa muda wote niliomfahamu hakukanyaga ukumbi wa dansi, kwa kuwa dansi na bia havitengani, na yeye alikuwa mtu wa msikiti wa swala tano. Kanisani ndiyo kabisa. Lakini wateja wake walikuwa ni sisi hao hao, wapiga dansi na wanakwaya wa Temeke nzima. Kwa hiyo kazi ya mikono yake, ikiwa mahali ilipotakiwa kuwa, aliijua kwa kusimuliwa. Mie nilikuwa mmoja wa wasimulizi wake kwa miaka kumi na mitatu. Kumi na mmoja ya kwanza nilimwambia kweli. Hiyo miwili ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha mpaka nikakaa kuandika.

Mie ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumamosi napiga gita la solo kwenye bendi ndogo ya dansi, na Jumapili gita hilo hilo linatubu kwenye kwaya. Watu wananitania kwa hilo na nimeshazoea. Fundi aliniita Mwalimu, nami nilimwita Fundi. Jina lake nililiona mara moja tu kwenye risiti ya umeme wa luku iliyobandikwa ukutani.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya watengeneza mageti. Upande wa pili wa ukuta walikata vyuma kutwa nzima, na yeye upande wake akitafuta sauti. Nilimuuliza siku moja anawezaje. Akasema masikio yake yana mlango, anaufunga anapotaka. Nilicheka. Sasa nikikumbuka sicheki.

Alikuwa anatafuta nini hasa, hapa inabidi nieleze kidogo. Zamani bendi zilipigia amplifaya za taa, zile zenye vioo vinavyowaka rangi ya chungwa kwa ndani. Taa zikiungua siku hizi huzipati, na ukizipata zinakushinda bei. Tunachokiweza sisi ni amplifaya za transista. Ni imara, nyepesi, haziungui ovyo, lakini zina tabia moja mbaya. Amplifaya ya taa ukiisukuma mpaka ikazidiwa, inazidiwa kwa adabu: sauti inanona, inakwaruza kidogo, inalia kama mtu aliyeguswa moyoni. Ya transista ukiisukuma haijui kuinama. Inafika mwisho wa nguvu zake na inakata sauti wima, kama mkate kwa kisu, na wa meza ya mbele anaziba sikio.

Fundi hakutumia maneno mengi kuhusu jambo hili. Alikuwa nayo mawili. Sauti ya taa ilikuwa "ina joto". Sauti ya transista iliyozidiwa ilikuwa "inachoma". Maisha yake ya kazi yalikuwa ni kuichukua inayochoma na kuifanya iwe na joto, bila taa hata moja.

Alifanya kwa diodi, vidude vya kioo vidogo kuliko punje ya mchele, alivyovichomoa kwenye redio zilizokufa alizoletewa na wakusanya vyuma chakavu. Alivipanga viwili vikielekea huku na kimoja kikielekea kule, ili sauti iinamishwe kabla haijafika pa kukatwa, na iinamishwe zaidi upande mmoja. Nilimuuliza kwa nini asiweke sawa pande zote. "Mwalimu, wewe jitazame kwenye kioo," akasema. "Mashavu yako yako sawa? Basi. Kikiwa sawa sawa, si mtu, ni mashine." Baada ya diodi aliweka kapasita ndogo ya kupunguza zile sauti za juu kabisa zinazotoboa, tunazoziita trebo. Ukubwa wa kapasita hiyo haukuandikwa popote. Aliweka moja, akaniambia nipige, akainama akalaza shavu kwenye spika kabisa, sikio likigusa karatasi yake, akafumba macho. Akaitoa, akaweka nyingine. Wakati mwingine alirudia mara ishirini, nami vidole vikianza kuuma.

Mashine za kupimia alizidharau. Mtu mmoja alimletea mita yenye kioo cha kuonyesha mawimbi, zawadi, akaifunika kitambaa na kuweka juu yake sahani ya kashata. "Hii inaona," alisema. "Sijaomba kuona."

Alipenda utulivu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Jirani akifungulia muziki wa sherehe, yeye aliyeishi kwa muziki alikuwa wa kwanza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika. Nyumbani alisikiliza taarabu peke yake, kwa redio ndogo ya betri, na mtu akiongea katikati ya wimbo alizima na kumtazama mpaka aombe radhi. Halafu alikuwa mkweli hadi kero. Nilimsikia akimwambia mwenyekiti wa bendi yetu, mbele ya wanamuziki wake, kwamba gita lake la besi ni bovu na anayelipiga ni mbovu zaidi. Lakini ukimuuliza kazi yako itakuwa tayari lini, alisema kesho. Kesho yake alisema kesho, bila hata kope kutikisika.

Uongo wake mkubwa naujua mie peke yangu na mkewe. Bwana mmoja wa Mikocheni alimletea amplifaya ya taa yenyewe, ya nje, nzito kama jiwe la msingi, imekatika waya mmoja tu. Fundi aliilehemu siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Akakaa nayo wiki tatu. Bwana wa Mikocheni akipiga simu anaambiwa kuna kifaa kinasubiriwa kutoka bandarini. Wiki tatu hizo nilikuwa napitia kila nikitoka shule, naipiga ile ya taa, naipiga ya transista, naipiga ya taa, na yeye shavu kwenye spika. Alipoirudisha alionekana kama mtu aliyetoka msibani. Lakini amplifaya alizotengeneza baada ya hapo zilikuwa nzuri kupita zote. Kuna wazee walikuja kutuuliza ukumbini taa tumezipata wapi.

Na kuna jambo alinifanyia mimi. Bendi ilitaka kuniondoa. Walisema gita langu linafukuza wateja, na walisema kweli, kwa kuwa amplifaya niliyonunua ilikuwa inachoma vibaya mno. Nilimpelekea Jumatano. Alifunga kazi za watu wengine wote, akakaa nayo siku tatu, na Jumamosi jioni akaniletea mwenyewe mpaka kwenye geti la ukumbi, kwenye toroli, asiingie. "Nenda kawaonyeshe," akasema, akageuza toroli. Usiku huo hakuna aliyezungumzia tena kuniondoa. Nilipompa habari Jumatatu nilitokwa machozi, naye akajifanya anatafuta bisibisi chini ya meza.

Ndiyo maana nilishindwa. Sitafuti wa kunisamehe, nasema tu ilivyokuwa.

Mwaka juzi kwaya yetu ilialika kwaya nyingine nne. Wiki ile Fundi alikuwa ameifungua amplifaya yangu upya. Aliniambia ilikuwa imefifia, kama imefunikwa blanketi, naye ameifunua. Kusema kweli mie sikuwa nimesikia blanketi lolote, ila Fundi akisema kuna blanketi, nani wa kubisha? Siku ya sherehe, bila kuijaribu kwanza, nikaanza wimbo wa kwanza. Gita lilitoka kama bati linaloburutwa juu ya saruji. Niliwaona wazee wa kanisa wa safu ya mbele wakikunja nyuso, na mama mmoja akaziba masikio ya mjukuu wake. Kiongozi wa kwaya akanipungia mkono chini, chini zaidi, mpaka nikawa napiga gita lisilosikika. Nyimbo nne zilizobaki nilichezesha vidole tu ili nisisimame bure.

Jumanne nikaenda Chang'ombe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikampa shikamoo, akaitika, akapandisha miwani.

"Iliimbaje?"

Nikamtazama. Alikuwa amechoka, ndevu zote nyeupe, na alikuwa anasubiri kwa hamu kama alivyosubiri miaka yote. Nikasikia mafundi geti wakikata vyuma upande wa pili wa ukuta, na yeye hata hageuki. Nikajua hapo hapo. Halikuwa tatizo la diodi. Zile sauti za juu, zile zinazotoboa, hazikumfikia tena. Kila amplifaya aliiona imefunikwa, na kila amplifaya alikuwa anaifunua.

"Ina joto, Fundi," nikasema.

Akatabasamu. "Si nilikwambia ilikuwa na blanketi?"

Wiki ileile nikaibeba mpaka Kiwalani. Kuna dada pale, kati ya vibanda vya simu, anatengeneza vifaa vya muziki, fundi wa chuo, mwepesi wa mkono na wa mdomo. Alifungua kifuniko akachungulia. "Braza, nani kaichokonoa hii? Mbona kazi ya diodi tamu hivi, halafu trebo kaiacha wazi yote?" Akagusa kwa kidole. "Huyu mtu anajua kinoma. Au alikuwaga anajua." Akaweka kapasita moja, dakika kumi, ikarudi kuwa na joto. Aliniuliza tena ni nani. Sikumtajia.

Nilidhani ni siri yangu. Baada ya miezi michache nikakutana na mpiga gita wa kwaya nyingine pale pale Kiwalani, amplifaya mapajani, na ndani yake diodi mbili huku moja kule. Tulitazamana tukacheka kicheko kibaya. Kumbe wote tulikuwa tunafanya hivyo. Amplifaya inatoka Chang'ombe, inapita Kiwalani, inakwenda kazini, halafu mwenyewe anarudi Chang'ombe kutoa habari. Tulikuwa tunamheshimu mno. Hakuna hata mmoja aliyemhama, na tulijisifu kwa hilo. Hatukuona tunachomfanya. Kila tulipomwambia ina joto alizidi kuamini, na alivyozidi kuamini ndivyo alivyofunua zaidi. Wageni wasiojua njia ya Kiwalani walikwenda nazo moja kwa moja ukumbini, na jina lake likaanza kusemwa vibaya na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Mkewe ndiye aliyekuwa na ujasiri, ingawa aliniomba mimi nimsaidie. Nilimkuta siku moja nyumbani kwao Temeke, nimepeleka ubani wa msiba wa ndugu yao. Redio ya taarabu ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, dirisha linatetemeka, Fundi amekaa mbele yake ametulia kama kawaida. Mama Fundi akanivuta uani.

"Mwanangu, mie namwambia hasikii, ananijibu namtafutia uzee. Nimemwambia twende hospitali, kasema aende kuambiwa nini, wakati wateja wote wanamsifu." Akanishika mkono. "Wallahi akiambiwa na mie ni ugomvi. Wewe anakusikiliza. Wewe Mwalimu. Mwambie."

"Nitamwambia, Mama."

"Lini?"

Nikasema kesho. Lilinitoka hivyo hivyo, neno la Fundi mwenyewe, na Mama Fundi hakucheka.

Sikumwambia kesho wala mwezi uliofuata. Nilijipa sababu nzuri nzuri. Nilisema nisubiri mfungo uishe. Nilisema wateja wamepungua, nisimwongezee. Mimi ambaye naweza kumwambia mtoto wa darasa la nne kwamba amekosea hesabu zote kumi, na nikamwambia akiwa anakaribia kulia, nilishindwa kumwambia mtu mzima neno moja.

Kisha tundu la kuchomekea waya kwenye amplifaya yangu likavunjika, na kwa upumbavu nikampelekea Fundi. Nilisahau kabisa kilichokuwa ndani. Nilikumbuka alipokwisha kufungua skrubu ya mwisho, wakati huo hakuna la kufanya. Fundi yeyote anaijua lehemu yake. Yake yeye ilikuwa matone makubwa, meupe kwa kijivu. Ya dada wa Kiwalani ni vijidoa vidogo vinavyong'aa. Alivitazama muda mrefu, akashika ile kapasita kwa ncha ya koleo, akaiachia. Akabadilisha tundu. Akafunga kifuniko.

"Tayari," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi yangu kuwa tayari siku hiyo hiyo. Nami nikaibeba nikaondoka. Wiki ile sikurudi kutoa habari, wala yeye hakuniulizia. Miezi minne nikawa napita barabara nyingine.

Mwezi uliopita Mama Fundi akanipigia simu. Alisema Fundi ameacha kwenda Chang'ombe, ameleta meza na vifaa nyumbani, na ananiita, nije na gita. Nikaenda Jumapili baada ya ibada, jua la saa tisa, bado nimevaa sare ya kwaya.

Alikuwa amekaa sebuleni kwenye mkeka, amekonda, amplifaya moja ya transista mbele yake, nyuma imefungwa. Nikampa shikamoo. Akaitika akinitazama mdomoni. Hakuna alilosema kuhusu miezi minne. Alininyooshea waya nichomeke gita.

"Isukume," akasema. "Mpaka izidiwe."

Nikaisukuma. Ilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Ilinipasua meno. Kuku walikimbia uani, na Mama Fundi, aliyekuwa mlangoni na sinia la kahawa, alifumba macho. Fundi hakulaza shavu kwenye spika. Alikuwa ananitazama mimi, uso wangu tu, tangu nilipoanza mpaka nilipoweka kiganja kwenye nyuzi kuzinyamazisha.

"Vipi, Mwalimu?"

Nilimwona Mama Fundi akinitazama. Nilijua alichokuwa anasubiri, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi. Nilijua pia kwamba mzee yule aliniletea amplifaya kwenye toroli mpaka getini. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Ina joto, Fundi."

Kisha akafungua kiganja cha kushoto, nacho kilikuwa kimefumbwa tangu nilipoingia na mie sikukitilia maanani. Ndani yake kulikuwa na diodi tatu.

"Nimezichomoa asubuhi," akasema. "Zote. Na kapasita hamna. Hii haina kitu ndani, Mwalimu. Hii imetoka dukani hivi."

Nikatazama mkeka.

"Niliona lehemu ya mtu kwenye yako. Nikasema labda Mwalimu kachoka na kesho zangu, haki yake. Nikakaa nangoja uje uniambie. Hukuja. Nikasema nimwite, nimpe nafasi nyingine, ya wazi, hata mtoto angeiona." Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingenisaidia. "Mie huko ukumbini siingii. Nilikuwa na nyinyi tu. Mmeniacha nawauzia watu kelele, na mnarudi mnanipa shikamoo."

Nikasema. Nilisema nikiwa bado nimeinamia mkeka, kwa sauti ya mtu anayeungama. Nilisema inachoma, Fundi, nisamehe, inachoma, zote zinachoma. Niliona kama nimetua mzigo. Nilipoinua uso alikuwa ameweka mkono nyuma ya sikio, uso umekunjwa, anamtazama mkewe kwa kutaka msaada.

"Anasemaje?"

Mama Fundi aliweka sinia chini akaniangalia mimi, akingoja.

Milango ilikuwa wazi kwa joto. Majirani walikuwa barazani, na mafundi geti wawili waliokuja kumjulia hali walikuwa wamekaa kwenye benchi nje. Nikavuta pumzi.

"Inachoma, Fundi!" nikapiga kelele. "Inachoma!"

Mazungumzo ya nje yakakatika. Safari hii alisikia. Alitikisa kichwa polepole, akaziweka diodi kwenye kifuniko cha chupa moja baada ya nyingine, akashusha miwani machoni.

"Tangu lini?" akauliza.

Na hilo nalo ikabidi nilijibu kwa kelele.